Swapu kujaa si tatizo, tatizo ni ngazi

Juzi mteja wetu wa Kariakoo alinipigia simu asubuhi, chai hata sijamaliza. "Fundi, swapu ya seva imejaa nusu. Nitafute RAM leo leo?" Nikamwambia bosi, shika hela yako kwanza. Nikaingia kwenye seva, nikaandika vmstat 1, amri inayoonyesha hali ya kumbukumbu kila sekunde, nikakodolea macho safu mbili: si na so. Sifuri, sifuri, sifuri, dakika nzima. RAM haikununuliwa.

Nilimweleza kwa duka lake mwenyewe. RAM ni rafu za nyuma ya kaunta: unageuka, unachukua. Swapu, yaani sehemu ya diski inayoipunguzia RAM mzigo, ni stoo ya ghorofa ya tatu. Mzigo usiotoka ukipandishwa stoo, hakuna aliyekosea. Rafu zimepata nafasi ya bidhaa zinazotembea. Linux, mfumo unaoendesha seva, nayo ndivyo ilivyo. Kumbukumbu ambayo programu haijaigusa siku nyingi huweza kuhamishiwa diskini, hata RAM ikiwa haijaisha kabisa. Balaa linaanza pale kijana wa duka anapopanda na kushuka ngazi kwa kila mteja. Anatoka jasho kweli kweli, foleni imefika barabarani, na hakuna kinachouzwa.

Zile safu mbili ndizo ngazi zenyewe. Hiyo "si" si ya Kiswahili: ni mzigo unaoshuka kutoka diskini kurudi kwenye RAM, na "so" ni unaopanda. Mstari wa kwanza wa vmstat uruke, maana ni wastani tangu seva iwashwe. Namba zikitokea mara moja zikapotea, hatukuamshi. Zikidumu dakika kadhaa, zote mbili, huku safu ya available (RAM inayoweza kutumika bado) kwenye amri ya free -h ikizidi kusinyaa, hapo simu yetu inalia hata saa tisa usiku.

Kumpata mlaji si kazi ngumu. Kila programu ina faili lake, /proc/namba yake/status, na humo mstari wa VmSwap unataja kiasi ilichonacho kwenye swapu. Mara nyingi tunakuta MySQL, yaani databesi, imepewa innodb_buffer_pool_size (kumbukumbu inayotengewa data yake) kubwa kuliko mashine inavyohimili, au PHP, inayoendesha tovuti, imeruhusiwa kuzaa watoto wengi mno, yaani nakala zake zinazofanya kazi kwa pamoja. Ukirekebisha hapo, RAM mpya huenda usiihitaji.

Wapo mafundi wanaoizima swapu kabisa ili grafu ipendeze. Mimi siwaungi mkono. RAM ikiisha na stoo haipo, kerneli, kiini cha Linux, inaua programu, kwa kawaida ile inayokula zaidi, na kwenye seva ya mauzo hiyo huwa ndiyo databesi. Kuandika swapoff -a saa za kazi "kuisafisha" ni hatari hiyo hiyo: mzigo wote unashushwa kwa mpigo kwenye rafu zilizokwisha kujaa. Kuhusu swappiness, namba inayoiambia Linux iwe na haraka kiasi gani ya kupandisha mzigo stoo, ambayo kwa kawaida huja ikiwa 60, kuishusha hadi 10 husaidia baadhi ya seva za databesi, lakini haiongezi RAM hata chembe.

Ukitaka tuiangalie seva yako, tutumie matokeo ya vmstat 1 60. Yachukue wakati wa kufunga mahesabu ya jioni, mashine zote za kaunta zikiwa kazini. Ya alfajiri, duka likiwa limefungwa, yatatuonyesha sifuri tupu.