Barua kwa sahibu yangu wa Tanga, kabla hajanunua mashine

Mji Mkongwe, Unguja
9 Juni

Sahibu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako ilinifikia Ijumaa iliyopita na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa wasiwasi. Furaha ni kwamba umeamua kutoka kwenye kuosha magari peke yake na kuingia katika kuosha nyumba na kufufua mbao za nje, kazi inayonilisha mimi na wanangu mwaka wa 11 huu. Wasiwasi umetokana na ile sentensi uliyoitupia mwishoni, kwamba umekwisha kuzungumza na watu wa mkopo na unataka mashine ya petroli ya kuoshea kwa maji ya nguvu, ya baa 250, kwa kuwa mashine kubwa humaliza kazi upesi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu ungenicheka, nami nakujua, ungenichekesha hadi nikubaliane nawe.

Wenye viwanda hupima nguvu ya maji kwa kipimo wanachokiita baa, na kwa mtu wa mbao sijaona kipimo kilichopewa jina la haki kama hicho, maana baa ni balaa. Gari ulilolizoea ni bati lililopakwa rangi ngumu, na matope yamekaa juu yake tu. Ubao ni nyuzi zilizolala pamoja, nyuzi laini zilizoota mti ulipokuwa ukikua haraka na nyuzi ngumu zilizoota ulipopunguza mwendo, na maji yenye nguvu hayabagui uchafu na nyuzi laini: huvichukua vyote viwili.

Hili sikulisoma mahali. Mwaka wangu wa pili nilipewa sakafu ya nje ya hoteli moja ya pwani ya mashariki, mita za mraba 60 za mbao za paini zilizokuwa zimegeuka kijivu kwa jua na chumvi. Nilifunga nozeli ya manjano, ile ncha ya bomba inayotawanya maji kwa pembe ya digrii 15, nikafungulia mashine hadi mwisho, nikasimama kama mtu anayefyeka majani, mkono ukienda huku na huku. Hadi adhuhuri sakafu ilikuwa nyeupe kama nazi iliyokunwa, na meneja alipita akanisifu mbele ya wageni. Jua lilipoinama, kama saa kumi na moja hivi, mwanga ukawa unapita chini chini juu ya mbao, ndipo nilipoona nilichokifanya. Kila mkono nilioutupa ulikuwa umeacha tao lake, tao juu ya tao kama magamba ya changu, na ndani ya kila tao nyuzi laini zilikuwa zimeliwa na zile ngumu zimesimama kama mbavu. Nilipopitisha kiganja, vibanzi viliingia. Nawe wajua kwamba mgeni wa hoteli ya pwani hutembea miguu mitupu. Siku nne tulipiga msasa, mimi na vijana wawili, na malipo yote ya kazi ile yakaishia kwenye karatasi za msasa na ujira wao.

Tangu siku hiyo paini siipi zaidi ya baa 40, na mbao ngumu kama mvule, mninga na msaji wa zamani nikizipa 80 huwa nimezidisha. Hutumia nozeli nyeupe ya digrii 40, ile inayofungua maji kama upepeo, nayo huiweka shubiri moja na nusu kutoka kwenye ubao. Mkono hufuata urefu wa ubao kutoka kichwa hadi kichwa bila kusimama katikati, na maji huanza kutoka nje ya ubao na kuishia nje yake, kwa kuwa pale unapobonyeza mkono ukiwa umetua ndipo panapobaki kovu. Nozeli nyekundu, inayotoa uzi mmoja wa maji, nimeifungia sandukuni ili vijana wasiione kabisa.

Utaniuliza basi uchafu utatokaje kwa nguvu ndogo kiasi hicho. Hutolewa na dawa, Mbwana; maji kazi yake ni kusuuza. Ule ukijivu unaouona si vumbi. Jua huvunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, mvua huiosha, na kinachobaki juu ni nyuzi zilizokufa, unene wa unywele tu, pamoja na kuvu. Mimi huchanganya unga wa pakaboneti ya sodiamu na maji ya uvuguvugu, nikaupaka ubao uliolowa, nikausubiri kama dakika 15 huku nikiunyunyizia maji usikauke, kisha nikausugua kwa brashi ya nyuzi laini. Dawa hufura povu na kuupandisha uchafu juu wenyewe. Wenzetu wengi hutumia dawa ya klorini ya kufulia kwa kuwa ni rahisi na hung'arisha papo hapo, lakini klorini ikizidi hula ile ile gundi iliyokwisha kuliwa na jua, na wiki mbili baadaye ubao huota manyoya kama blanketi kuukuu.

Pale palipo na vanishi ya zamani hutumia kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, na hapa ndipo wanagenzi hupata homa. Kostiki huvua vanishi vizuri sana, lakini huugeuza ubao kuwa mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Mteja akiuona wakati huo atakuita mharibifu. Dawa yake ni asidi ya oksaliki iliyotiwa maji mengi, unayoipaka baada ya kusuuza kostiki yote. Huua ukali wake, na rangi ya mti hurudi mbele ya macho yako, wekundu wa mninga au hudhurungi ya mvule, kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja. Asidi hiyo hiyo huondoa yale madoa meusi yanayozunguka misumari ya chuma. Ni sumu, vaa glavu na miwani, na usiichanganye mbele ya watoto.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae chini kukuandikia. Siku ya kuosha ndiyo siku ambayo mteja humwona fundi akifanya kazi: maji yanaruka, mashine inanguruma, kijivu kinageuka dhahabu. Anaridhika na anataka upake mafuta kesho yake asubuhi. Nawe huna mashine inayoweza kuharakisha kinachofuata, kwa sababu kinachofuata ni kungoja. Ubao uliooshwa umekunywa maji, na ukiupaka mafuta ungali na maji ndani, mafuta hayana pa kuingia; hukaa juu yakanata, yakashika vumbi, na mwezi wa pili kuvu nyeusi inaota chini yake. Nina kipima unyevu, kidude cha kiganjani chenye sindano mbili unazozichoma ubaoni kikakusomea asilimia. Kwa hewa yetu hii ya pwani, nikipata 15 hushukuru, na ikiwa ni 18 hufunga vyombo nikaenda zangu. Wakati wa kusi, kama sasa, siku tano au sita hutosha. Wakati wa masika nimewahi kungoja wiki tatu, na mwishowe nikaacha kabisa kuchukua kazi za mafuta kuanzia Machi hadi Mei. Miezi hiyo huosha kuta na paa, na hutengeneza viti vya watu ndani ya ghala.

Kidude hicho kimenigharimu chini ya mpira mmoja mzuri wa mashine, na ndicho chombo changu cha thamani kuliko vyote. Ukiwa bado hukukipata, dondosha tone la maji juu ya ubao. Likinywewa mara moja, ubao uko tayari kunywa mafuta. Likikaa limeviringika kama lulu, bado kuna vanishi ya zamani hujaimaliza.

Kuhusu mafuta yenyewe sitakuchosha. Babu zetu waliyapaka majahazi mafuta ya sifa, na harufu yake bado iko puani mwangu, lakini hakuna mwenye hoteli atakayekubali baraza lake linuke ini la papa. Mafuta ya kitani matupu hayafai kwa unyevu wetu, maana kuvu huyala. Tafuta yale yaliyotiwa dawa ya kuvu na rangi kidogo ya udongo, kwa kuwa rangi ndiyo inayozuia jua. Vanishi inayong'aa sakafuni nimekwisha kuikataa hata mteja akinibembeleza: inapendeza miezi sita, kisha inabanduka kama ngozi ya nyoka, na wewe ndiye utakayeitwa kuivua.

Jambo moja tu nitalisema kwa ukali. Matambara yaliyofuta mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye gunia. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea ndani ya kitambaa kilichokunjwa, kitambaa huwaka bila kibiriti. Jioni moja nilirudi ghalani kuchukua kofia niliyoisahau nikakuta gunia linatoa moshi, na nilipolipindua kwa mti, tambara la katikati lilikuwa jeusi na limeanza kuiva wekundu. Hatua mbili tu kutoka pale palikuwa na petroli ya mashine. Sasa matambara yetu huanikwa moja moja kwenye kamba nje, au hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji.

Umeniuliza kuhusu milango ya nakshi, kwa kuwa Pangani nako ipo na wenyewe wameanza kuitengeneza. Kwenye mlango wa kale mashine haifiki. Mwezi uliopita nilikuwa na mlango mmoja hapa, mbao za msaji, mfaa wake, ule ubao wa katikati, umechongwa maua na mnyororo kutoka kizingiti cha juu hadi chini, na ndani ya kila petali palikuwa na tabaka tatu za vanishi na moja ya rangi ya mafuta ya kijani, zawadi ya mpangaji fulani. Tuliufanya kwa miswaki, vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha na matambara yenye maji, siku 9, watu wawili. Misumari ya shaba tuliizungushia karatasi ya gundi ili dawa isiiguse. Na kabla ya yote tulikwenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba idhini, maana mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na mlango si mali ya mwenye nyumba peke yake. Huko kwako uliza halmashauri kwanza. Ni heri kuchelewa wiki mbili kuliko kuitwa.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa nazo zihurumie vivyo hivyo. Maji ya nguvu huichimba chokaa na kuusukuma unyevu ndani ya ukuta, na ukuta wa namna hiyo huchukua miezi kuutoa. Brashi na maji ya mpira wa kawaida vinatosha.

Basi nijibu swali lako la awali. Nunua mashine ya umeme ya baa 130 yenye kirekebisha nguvu, ambayo unaweza kuishusha hadi 40 bila kubahatisha. Itakunywea kama lita 8 za maji kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 1000 litakutosha saa mbili tu. Panga maji kabla ya kupanga vijana. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie, kwa kuwa utakuwa unaongeza ubaoni kile ulichokuja kukiondoa, na pampu yako haitamaliza mwaka. Fedha itakayobaki kwenye ile ya baa 250 nunua kipima unyevu, miwani, dawa, na uweke ya kula siku za kungoja. Mkopo wa kila wiki, Mbwana, haujui kwamba ubao haujakauka, na fundi anayedaiwa Jumatatu hupaka mafuta Jumapili.

Katika mkataba wangu huandika waziwazi kwamba siku za kukauka ni sehemu ya kazi, na hudai malipo kwa mafungu matatu: la kwanza kabla ya kuanza, la pili baada ya kuosha, la tatu baada ya mafuta. Vilevile huosha kipande cha mita moja kwanza, pembeni, mteja akakitazama asubuhi na jioni ndipo tukaendelea. Nimepoteza wateja wawili watatu kwa sababu hiyo, waliokwenda kwa watu wa siku moja, na mmoja wao amekwisha kurudi.

Nina ombi langu. Nasikia mafundi wa huko wanatumia sana msaji wa mashamba ya Longuza, huu ambao wauzaji siku hizi huuita mtiki. Miti hiyo huvunwa michanga kuliko ile iliyochongwa milango ya zamani, na sehemu yake nyeupe ya nje ni kubwa na haistahimili mvua. Nitumie vipande viwili vya dhiraa moja moja, kimoja cha kiini na kimoja cha nje, nivianike hapa juani hadi vuli nione kila kimoja kinavyogeuka kabla hujamwahidi mtu yeyote sakafu ya mbao hizo. Ukivileta mwenyewe itakuwa bora zaidi. Kuna baraza la mvule Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, nitakaloanza kuliosha tarehe 23, na ningependa ulishike wewe bomba.

Nisalimie shemeji na watoto, na mzee umwambie namuombea afya.

Wasalaam,
Sahibu yako,
Makame