Barua ya wazi kwa nyie mnaoanza mazoezi kwa kuukomoa mwili

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, sasa nisikilizeni maana leo nimekasirika.

Juzi jimu kijana, siku yake ya tatu tu, kadondoka chini puu na vyuma mkononi. Tukampepea akazinduka, namuuliza umekula nini, ananijibu babu niko kwenye dayati, toka juzi nakunywa maji tu. Na wenzake badala ya kumnyanyua miguu wanamrekodi na simu! Hivi nyie mna nini?

Mwili haujakukosea kitu. Kitambi umekilea miaka sita halafu unataka kiondoke wiki mbili. Mkipungua kilo tatu wiki ya kwanza mnashangilia, kumbe nyingi ni maji, sababu ukikata wanga mwili unatumia akiba yake ya sukari na kila gramu ya akiba hiyo inaondoka na kama gramu 3 za maji. Kilo moja ya mafuta yenyewe ina kalori kama 7,700, piga hesabu uone kama zinaisha kwa siku tatu za njaa. Nusu kilo kwa wiki inatosha, ikifika moja shukuru.

Nayasema haya na mimi nilishakuwa mjinga. Nilipoanza nilipiga skwoti 200 siku moja, nashindana na mtu niliyemzidi miaka kumi na tano, kesho yake nashuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta, na chooni ndo usiseme. Maumivu ya hivyo hupanda siku ya pili ya tatu halafu yanaisha yenyewe. Ila ukiona misuli imevimba na mkojo umekuwa wa kahawia usisubiri, wahi hospitali, hapo misuli inavunjikavunjika na mabaki yake yanaweza kuharibu figo.

Anza chini ya uwezo wako jamani. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, hizo ni 150, ndo kima cha chini wanachokitaja Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Mwendo wa kwamba kuongea unaweza, kuimba huwezi. Siku 2 za misuli, pushapu za ukutani, kukaa na kusimama kwenye kiti, wala usione aibu. Misuli inawahi kupata nguvu ila kano zinachelewa, ndo maana wenye pupa magoti yanawalilia mwezi wa pili.

Kula: nusu sahani mboga, robo wanga, robo mayai au samaki au maharage. Soda acha kwanza kabla hujagusa kingine. Lala masaa 7 yatimie. Mwenye presha, sukari au moyo amuone daktari kabla ya kuanza.

Na sisi watu wazima tusijitoe. Yule kijana kaniambia baadaye kilichomtuma ni shangazi zake, walimcheka tumbo mbele ya watu, yaani tunawachomachoma watoto kwa maneno halafu tunashangaa wakijiua njaa, na wauza dawa za kukata tumbo huko mitandaoni wanawasubiri tu.

Nimemwambia Jumatatu aje, ila aje ameshiba, vyuma hatugusi, tutatembea mimi na yeye nusu saa. Simu aiache nyumbani.