Barua ya wazi kwa marubani: posho ya mkufunzi iandikwe ndani ya mkataba

Wanangu makapteni na maofisa wa kwanza, marubani wasaidizi wao, na nyinyi wakufunzi mlioshika kiti nilichokiacha,

Nawasalimu kutoka Mtwapa. Nilishuka kwenye ndege ya abiria nikiwa na miaka 65, umri ambao kanuni za kimataifa zinamwambia rubani sasa inatosha, na tangu hapo nimejizuia kuingilia mambo yenu. Leo nimeshindwa. Nimetumiwa rasimu ya mkataba wa pamoja, hiyo CBA mnayobishania usiku na mchana, nikaisoma mara mbili kalamu mkononi. Kwenye nyongeza ya mshahara sina neno kubwa. Kodi za nyumba na karo za watoto mnazijua nyinyi. Kilichoninyima usingizi ni ukurasa wa posho ya wakufunzi, unaosema kwamba posho hiyo "itaamuliwa na uongozi mara kwa mara". Maneno sita.

Nasikia vijana wanasema wakufunzi wanajitafutia yao, wapewe au wasipewe haiwahusu. Nasikia pia baadhi ya wakufunzi wanasema heri iwe hivyo, watakwenda ofisini wenyewe wapatane na meneja. Pande zote mbili nawaomba mnisikilize.

Asiyewahi kufundisha hudhani kazi yenyewe ni zile saa nne za simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, na kwa kweli ndizo rasimu yenu inazozihesabu. Lakini kabla yake unakaa mezani na wanafunzi wako wawili saa moja na nusu, mnapitia kipindi hatua kwa hatua. Mkitoka mnarudi mezani tena, na hapo ndipo rubani anapofunguka na kukuambia, "Pale nilichanganyikiwa, kapteni." Wao wakienda kulala, wewe unabaki na fomu. Simuleta ni ghali, haiachwi ikae bure, kwa hiyo zamu yako huenda ikaanza saa nne usiku ukatoka jua linachomoza. Mwezi wa namna hiyo huoni posho ya safari, wakati mwenzako mlioingia kazini siku moja amelala Amsterdam na Guangzhou. Mtu akipiga hesabu hiyo mara mbili, mara ya tatu anarudisha barua ya uteuzi, au anaitikia simu ya mashirika ya ndege ya Dubai au Doha.

Na wewe ofisa wa kwanza, hapo ndipo panapokuhusu. Rubani mpya kwenye aina ya ndege hapangiwi na kapteni wa kawaida mpaka amalize safari za mafunzo na mkufunzi. Wakufunzi wakipungua, darasa jipya linakaa nyumbani. Anayengoja kupanda cheo anangoja. Mstari wako wa nne begani, ule wa ukapteni, umekwama kwa sababu hajapatikana mtu wa kukufundisha.

Lakini sababu yangu kubwa si foleni hiyo. Nitawasimulia usiku mmoja, na shirika sitalitaja.

Nilikuwa nampima mwenzangu, rubani mzuri, aliyekuwa amemzika mama yake wiki mbili kabla. Injini ya kushoto ikazimika tumeshapita kasi ambayo baada yake huwezi tena kuahirisha kuruka. Mguu wake ulipaswa kukanyaga kulia, ukaenda kushoto. Pua ya ndege ikageukia nyasi, nikasimamisha simuleta, picha ikaganda mbele yetu na taa za uwanja zimelala upande. Hakuna aliyesema kitu. Tukarudia. Safari ile mguu ulikwenda kulia, ila ulichelewa. Saa kumi na moja alfajiri nikaandika kwenye fomu: hajafikia kiwango.

Saa tatu asubuhi nikapigiwa simu na ofisi. Sauti ilikuwa ya upole. Rosta ina matundu, kapteni, huwezi kuandika amefaulu ila aangaliwe? Nikasema siwezi. Hakunitukana wala hakunitisha. Ilipofika Januari, barua ya posho yangu, iliyokuwa ikija kila mwaka, haikuja. Niliendelea kufundisha miezi kumi na moja bila hiyo posho.

Sikuwahi kuwaambia watu kilichofuata. Rubani wa kwanza niliyempima baada ya Januari ile alifaulu, na alistahili kufaulu. Lakini kabla ya kutia sahihi nilikaa na ile fomu muda mrefu, nikijiuliza kama namwona yeye au naiona karo ya wanangu. Siku mkufunzi anapofika hapo, sahihi yake imeshapungua thamani hata kama ameandika kweli. Na nyuma ya sahihi ile wako watu wamefunga mikanda, wanaangalia mawingu.

Kwa hiyo ombi langu: fedha hiyo iingie ndani ya mkataba wa pamoja, ipigiwe kura na wote. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imewapa haki ya kujadiliana kwa pamoja, na chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mkataba ukishasajiliwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, masharti yake yanaingia katika ajira ya kila mmoja anayehusika. Barua ya meneja inayotoka kila Januari inaweza isitoke Januari inayofuata. Iandikwe kiasi maalumu kwa mwezi kwa kila anayeshika cheo cha ukufunzi, saa za mezani na za fomu zihesabiwe, na idadi ya waliofaulu isiguse malipo hata kidogo. Akiondolewa, aambiwe sababu kwa maandishi, na chama kimsikilize.

Nyinyi wakufunzi, mkienda ofisini peke yenu huenda mkapata zaidi mwaka huu. Mimi nilipata zaidi, miaka mitatu mfululizo, kabla ya usiku ule. Nilipokwama sikuwa na wa kumlilia, kwa sababu nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwenye meza ya wenzangu.

Na mkiwa hapo, daini siku za kuruka na abiria kila mwezi. Machi 27, 1977, mwaka ule ule shirika letu la pamoja la ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, Boeing 747 mbili ziligongana Tenerife, watu 583 wakafa. Kapteni wa ndege ya KLM alikuwa kinara wa ukufunzi wa 747, miaka mingi amefundisha kwenye simuleta, ambako ruhusa ya kuruka hutolewa na mkufunzi mwenyewe. Ofisa wa kwanza aliyekaa kando yake alikuwa amepimwa na yeye huyo huyo kiasi cha miezi miwili nyuma. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, ukungu ukiwamo, na sauti zilizogongana redioni. Hata hivyo, mkufunzi asiyeruka na abiria husahau kuomba ruhusa ya kuruka, na kijana aliyepimwa naye huona vigumu kumshika mkono.

Kuhusu kura, msitishwe na anayesema kuikataa rasimu ni kugoma. Marubani wa United kule Marekani walikataa rasimu yao Novemba 2022 kwa asilimia 94, wakarudi mezani, na Septemba 2023 wakapitisha nyingine kwa asilimia 82, yenye nyongeza ya hadi asilimia 40 hivi kwa muda wa mkataba. Ndege ziliendelea kuruka. Mgomo ni njia nyingine, ina masharti yake ya upatanisho na ilani ya siku saba, na mnakumbuka Novemba ile ile hapa kwetu: marubani wa Kenya Airways waligoma kwa ajili ya michango ya akiba ya uzeeni na mishahara iliyoahirishwa wakati wa korona, maelfu ya abiria wakakwama, na siku ya tano mahakama ilikuwa imewarudisha kazini. Mimi sisemi walikosea kudai. Nasema meza ya majadiliano bado mnayo, itumieni.

Yule mwenzangu wa usiku ule alipewa mafunzo ya ziada na mapumziko ya kumlilia mama yake. Mara ya pili alipimwa na mkufunzi mwingine, akafaulu bila kuhurumiwa. Leo yeye ni mkufunzi wenu, na ndiye aliyenitumia rasimu hii, akiwa amepigia mstari yale maneno sita kwa wino mwekundu.

Wenu,
Kapteni mstaafu, Mtwapa