Zoezi la moto bwenini lifanyike usiku, taa zikiwa zimezimwa

Mhariri,

Kila Januari shule za bweni za Dodoma na Singida hupokea watoto wa kidato cha kwanza. Mtoto huonyeshwa kitanda, pa kuweka tranka, zamu za usafi na namna ya kunyoa nywele. Mlango wa pili wa bweni haonyeshwi, na pengine una kufuli na kitanda kimesogezwa mbele yake. Sisi tunaofundisha vijana uokoaji na huduma ya kwanza tunaomba jambo moja: kabla mtoto huyo hajalala usiku wa nne shuleni, awe ameshatoka bwenini gizani, kwa zoezi, pamoja na wenzake wote.

Mwaka 1994 moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40 katika Sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro. Agosti 2009 wakafa wengine 12 katika Sekondari ya Idodi, Iringa. Misiba ya namna hii ikitokea hutolewa maagizo, hununuliwa mitungi ya kuzimia moto, hubandikwa mabango. Lakini aliyeamshwa saa nane usiku ndani ya moshi haoni hata kiganja chake, sembuse bango. Atatoka kwa sababu miguu yake inaijua njia.

Moshi huua kabla ya moto. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Moshi huo hupanda darini, hujaa, kisha hushuka, hivyo aliyelala kitanda cha juu ndiye wa kwanza kuuvuta. Hewa nzuri hubaki chini, usawa wa magoti. Ndiyo maana tunawafundisha kushuka, kuinama na kutambaa, wala si kukimbia wima. Kitambaa kilicholowa maji huzuia masizi tu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi, hupita humo humo. Asitokee mtoto wa kupoteza nusu dakika akitafuta maji.

Zoezi lenyewe huchukua siku tatu. Siku ya kwanza, mchana, kila mwanafunzi anatembea kutoka kitandani kwake hadi mlango ulio karibu, mkono ukigusa vitanda, akihesabu: vitanda vitano, kisha ukuta, kisha mlango. Halafu anarudia kwa mlango wa pili. Siku ya pili anafanya vilevile akiwa amefungwa macho kwa kanga au sweta, safari hii akitambaa. Akifika mlangoni anaugusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, haufungui, anageukia mwingine. Siku ya tatu ni usiku. Swichi kuu inazimwa, mwalimu wa zamu anapuliza filimbi tatu fupi, anarudia bila kukoma. Isitumike kengele ya vipindi, wala lile rimu la gari linalogongwa asubuhi, maana mtoto aliye usingizini atadhani kumekucha na kuanza kutafuta sare.

Muda unapimwa kwa simu, tangu filimbi ya kwanza hadi mtu wa mwisho afike mahali pa kukusanyikia. Kwa bweni la watu 60 lenye milango miwili tunalenga dakika mbili. Mara ya kwanza karibu kila bweni huzidi hapo, na sababu ni zilezile: matranka yamejaa njiani, mtu anatafuta viatu, wawili wanarudi kuchukua madaftari, na ufunguo anao matroni ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja. Matranka yaingie chini ya vitanda na njia ya katikati ibaki na upana wa mita moja. Kuhusu ufunguo hatuna maneno ya kupoza: bweni linalofungwa usiku kwa kufuli la nje ni mtego, na hakuna zoezi litakalookoa waliomo. Kama hofu ni wezi, liwekwe komeo la ndani linalofunguka bila ufunguo. Madirisha yenye nondo nayo yawe na angalau moja, kila upande, ambalo fremu yake ya nondo inafunguka kwa ndani.

Kuhesabu watu ndiko kunakoharibika zaidi. Daftari la majina hubaki ndani ya bweni linaloungua, au lina majina ya walioruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa. Mwalimu anaita, mtu haitiki, mwenzake anakimbia kurudi ndani kumtafuta aliyeko Kondoa kwa mama yake. Nakala mbili za daftari zikae nje ya bweni, moja kwa mwalimu wa zamu na nyingine kwa mlinzi, na ruhusa ziandikwe humo kila jioni. Kila wanafunzi kumi wawe na kiongozi na msaidizi wake, kiongozi anahesabu watu wake kwa kuwagusa, kisha anatoa taarifa: "Kumi wametimia," au "Tisa, hayupo wa kitanda cha 14." Hakuna mwanafunzi anayerudi ndani. Namba ya kitanda inapewa Zimamoto. Mwanafunzi asiyesikia, asiyeona au anayetembea kwa shida anapangiwa wenzake wawili wa vitanda vya jirani, na wengine wawili wa akiba, kwa kuwa siku ya tukio mmoja wao anaweza kuwa anaumwa.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya polisi ni 112. Vijana wengi wanaijua namba, ila hawajui la kusema. Wafanye mazoezi wawili wawili, mmoja mpigaji, mwingine mpokeaji: tuko wapi, kata gani, karibu na nini, kinaungua nini, wangapi wako ndani, gari linaingilia lango lipi. Asikate simu mpaka aambiwe akate. Na lango hilo lisiwe ndipo watu wanapokusanyikia.

Gari kutoka mjini hadi kata ya mbali huchukua muda, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo ni za waliopo. Kwa moto mdogo, mchanga ni rafiki wa Dodoma kuliko maji, lakini ndoo zenyewe huandaliwa vibaya. Ndoo ya lita 20 ikijazwa mchanga mkavu ina uzito wa kilo 30 na ushee; mtoto wa kidato cha kwanza hawezi hata kuinyanyua. Tumieni ndoo za lita 10, zijazwe nusu, zifunikwe. Mchanga ulionyeshewa hugandamana kama udongo wa tofali, hivyo ukorogwe kila mwezi. Mtungi wa unga wa kilo 6 nao hutoa unga kwa sekunde zisizozidi 20 hivi. Anayeushika avute pini, aelekeze mpira kwenye shina la moto, abane, afagie kushoto na kulia, huku mlango wa kutokea ukiwa mgongoni kwake. Ukiisha na moto haujazimika, atoke. Mshale wa mtungi usipokuwa kwenye kijani, msiutegemee.

Moto wa bweni si hatari pekee; mvua zinaposhika kuna makorongo. Kule Mpwapwa, na kandokando ya Mto Kinyasungwe, maji yanaweza kufika juani, hali mvua imenyesha milimani saa nyingi nyuma. Vijana wafundishwe kipimo: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba gari. Mwenzao akichukuliwa, wasimfuate majini. Wachukue dumu la lita 5, watie kikombe cha maji ili lirushike bila kupeperushwa, wafunge kifuniko na kamba ya mita 15, walirushe mbele yake upande yanakoelekea maji. Kamba isifungwe kiunoni mwa mtu yeyote, kwa sababu mkondo ukiivuta humzamisha aliyefungwa.

Kwa shule zilizo kando ya barabara kuu, Gairo hadi Manyoni, somo la lori la mafuta ni la lazima. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa mitaroni, na cheche ya bodaboda inatosha kuuwasha. Lori likipinduka, kaeni mita 100 au zaidi, upande unakotoka upepo. Likiwaka moto, mita 800.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Palipo na shida ya maji, mtu mmoja amimine polepole kwa kikombe kutoka kwenye dumu, juu ya jeraha tu. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai hufungia joto ndani na kumwongezea daktari kazi ya kusafisha kidonda.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tunaziomba kamati hizo, pamoja na bodi za shule, ziingize mazoezi mawili kwenye kalenda: moja Januari wageni wanaporipoti, lingine Julai shule zinapofunguliwa, kwa kuwa kuanzia hapo nyasi zimekauka na upepo wa Dodoma ni mkali. Gharama yake ni filimbi, madaftari mawili, ndoo, kamba na usiku mmoja wa usingizi. Na mkuu wa shule anayesoma barua hii anaweza kuanza leo jioni: aende bwenini wanafunzi wakiwa wamelala, asimame ndani, ajaribu kuufungua ule mlango wa pili bila ufunguo.

Wakufunzi wa uokoaji na huduma ya kwanza,
Dodoma