Barua kwa Mama Rehema kuhusu ukaguzi wa kodi

Morogoro,
12 Machi 2025

Mpendwa Mama Rehema,

Salaam nyingi kwako, kwa Baba Rehema na watoto. Sisi huku hatujambo. Poleni sana na msiba wa Tukuyu. Mjomba alikuwa mtu wa watu, Mungu ampumzishe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema tangu barua ya ukaguzi wa kodi ifike dukani hupati usingizi, na kwamba kuna kijana pale Mwanjelwa amekuahidi faili lako litafungwa ukimpa laki tano kwa sababu anawajua watu wa ndani. Mwenzangu, nakuomba usimpe hata shilingi. Vishoka wote wana maneno hayohayo. Utamlipa, deni litabaki palepale, na siku zako za kujibu zitakuwa zimeliwa. Na akikutengenezea risiti za kughushi ndiyo balaa zaidi, maana suala la hesabu litageuka la jinai, na jina lililo kwenye faili ni lako, la kwake halimo.

Kwanza ujue umeshika nini mkononi. Hiyo ni taarifa ya ukaguzi tu: wanataka vitabu, risiti na taarifa za benki za mwaka 2022 hadi 2024. Deni bado halijaandikwa. Wakishapitia, watakuandikia walichokiona, utajibu, na baada ya hapo ndipo hutoka hati ya makadirio, yaani karatasi ya kiasi cha kodi unachodaiwa. Nimefanya kazi ya vitabu vya wafanyabiashara muda mrefu, na wengi nimewaona wakipotelea hapo katikati. Wanaona tarakimu kubwa kwenye barua ya matokeo ya awali, wanadhani mambo yamekwisha. Mmoja anafunga duka, mwingine anaandikisha biashara upya kwa jina la mtoto, mwingine anaitia barua kabatini. Mtu akinyamaza, mkaguzi anaandika kwa alichonacho, na alichonacho ni miamala ya benki na ya simu.

Na hapo ndipo roho yangu inaniuma kwa ajili yako, kwa sababu akaunti yako imebeba mambo ya ukoo mzima. Umeniambia mwaka 2024 uliwasilisha mauzo ya milioni 58, lakini fedha zilizoingia benki ni milioni 131. Mkaguzi asiyekujua ataona mauzo ya milioni 131. Hajui kwamba wewe ndiye mweka hazina wa kikoba na milioni 34 ni za akina mama wenzako. Hajui kwamba milioni 15 ni mkopo, na sita ni za mdogo wako wa Dodoma za kupaulia nyumba ya mama. Zinabaki milioni 18, na humo kuna fedha ulizotoa M-Pesa ukaziweka benki mwenyewe. Fedha za namna hiyo zinaweza kuhesabiwa mara mbili, zilipoingia kwenye simu na zilipofika benki.

Ubaya wake si kodi ya hizo milioni 73 peke yake. Sisi wafanyabiashara binafsi ambao mauzo ya mwaka hayazidi milioni 100 tunalipa kwa utaratibu wa makadirio ya mauzo, bila kulazimika kuandaa hesabu zilizokaguliwa. Ukionekana umevuka hapo, unatolewa kwenye utaratibu huo na kupelekwa kwenye kodi ya faida, yenye viwango vinavyopanda hadi asilimia 30. Na faida itapigwaje wakati manunuzi yako mengi ya vitenge ulifanya Kariakoo bila risiti, au kwa risiti iliyoandikwa nusu ya bei? Manunuzi yasiyo na risiti hukataliwa. Basi fedha ya kikoba, ambayo si yako hata senti, inakugeuza tajiri kwenye makaratasi.

Kwa hiyo wiki hii acha kila kitu, ukae na Baba Rehema mchapishe taarifa za benki na za simu za miaka yote mitatu. Pitieni kila fedha iliyoingia, muandike pembeni kwa kalamu ilitoka wapi. Kisha kila moja itafutiwe karatasi yake. Kwa kikoba lete daftari la michango, mihtasari ya vikao, na barua ya wanachama wenye saini zao. Waombe sasa, kabla hawajasikia maneno ya mtaani wakaogopa. Kwa mkopo lete mkataba unaoonyesha tarehe fedha ilipoingia. Mdogo wako aandike barua na aambatanishe muamala wake. Fedha ulizohamisha mwenyewe, onyesha zilipotoka na zilipoingia, siku na kiasi. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitoe nakala leo hii, maana wino wake hufifia. Zile zinazosomeka bado zina namba ya uhakiki, na inaweza kuthibitishwa TRA kwenyewe, Mamlaka ya Mapato. Sheria inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu miaka mitano, na ukipinga makadirio, mzigo wa kuthibitisha kwamba yamezidi uko kwako. Mimi naona ni mzigo mzito mno kwa mtu wa duka moja, lakini ndivyo ulivyo, na kulia mbele ya mkaguzi hakuupunguzi.

Usikabidhi nyaraka halisi bila kubaki na nakala, na kila unachopeleka kigongewe muhuri wa kupokelewa. Kwenye kikao usiende peke yako. Usisaini ukurasa wowote kwa kuharakishwa. Sema utajibu kwa maandishi.

Nikuambie na hili, kwa sababu tunapendana. Humo ndani yakiwemo mauzo ya kweli uliyouza bila risiti, yakubali. Ukikataa kila kitu, hata lile la kikoba halitaaminika. Kodi yake unaweza kuomba kuilipa kwa awamu.

Makadirio yakitoka na bado yamezidi, hapo siku zinahesabiwa kwelikweli. Una siku 30 tangu upokee hati, kwa hiyo andika tarehe juu ya bahasha dakika ileile. Pingamizi linakwenda kwa Kamishna Mkuu wa TRA kwa maandishi, likiwa na sababu zako. Ili lipokelewe, unalipa kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Wengi wanakwama hapa: wana hoja nzuri, theluthi hawana. Lakini sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna akupunguzie au akuondolee malipo hayo ukitoa sababu za msingi. Ombi hilo liandikwe ndani ya muda. Akikukatalia pingamizi, iko Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi, hadi Mahakama ya Rufani.

Unakumbuka Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa kero za kodi, mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja? Nilifurahi siku ile, kwa sababu kero zao zilisemwa hadharani na nchi nzima ikasikia. Na Juni 2024 wakagoma tena. Naunga mkono kupaza sauti. Lakini hili lako halisubiri mgomo wa mtu yeyote, wewe una barua yenye tarehe.

Basi nitumie picha ya barua yenyewe, kurasa zote na bahasha, ili nione tarehe waliyokupa. Ikiwa ni chini ya wiki mbili, nitakuandikia ombi la kuongezewa muda, ulipeleke Jumatatu asubuhi. Hilo daftari la kikoba lisitoke nyumbani mpaka tulitolee nakala. Nami nitakuja Mbeya watoto wakifunga shule, tulipange faili pamoja.

Msalimie mama, mwambie bati zake nimeziona kwenye picha, zimependeza.

Mwenzako akupendaye,
Mama Kulwa