Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka tuliowafuata ndege kwao

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama ndege, habari za masiku. Najua taarifa imechelewa, mtanisamehe, nusu ya picha zilikuwa kwenye simu ya katibu na katibu mnamjua.

Ya ofisini nayapitia fasta. Vikao tulifanya, ada wengi mmelipa, wachache mnajijua, mahesabu atawatumia mama mweka hazina mwenyewe maana mimi nikitaja hela ananikata jicho.

Sasa safari. Kuna walionuna eti tunatoka Mombasa na Muscat kwenda kuganda Norway, kwani pale Mida Creek, hori letu la pwani ya Kenya, ndege wameisha? Jamani, hao hao wa Mida ndio tuliowafuata kule wanakokwenda kutaga! Juni mwanzoni tulikuwa Varanger, kaskazini kabisa, tumepanga nyumba mji wa Vadsø, theluji bado ina viraka viraka na jua halizami, saa sita za usiku unaona kivuli chako, basi watu wanazurura na darubini kama wanga.

Yule kitwitwi mdogo wa kijivu anayekimbia kwenye matope yetu Januari, kule kavaa ya harusi, mgongo una rangi ya kutu. Halafu kuna ndege anaitwa rafu (ruff), Wazungu ndivyo wanavyomwita, na kweli wanachezeana rafu. Wale majike tunaowaona Nakuru hawana mbwembwe lakini madume kule yana kola ya manyoya shingoni, moja nyeupe, nyingine nyeusi, yanakusanyika kwenye kauwanja kamoja yanarukiana na jike linapita tu linachagua.

Falaropi, ndege mdogo wa majini, ndiye aliyezua ubishi kwenye gari. Kwake jike ndiye mwenye rangi kali, anataga anaondoka, dume analalia mayai na kulea peke yake. Akina mama walishangilia, sisi tukaangalia dirishani. Wenzetu wa Muscat wakasema huyu tunamjua, wakati wa baridi anaelea baharini huku kwetu. Tulimkuta kwenye kidimbwi cha theluji iliyoyeyuka, anazunguka kama pia ili vidudu vije juu avidonoe, hatua tatu tu kutoka kwenye buti zangu na wala hana habari na mimi.

Naungama kosa moja. Nilikuwa natembea nachungulia kamera, mara kitwitwi mwenye mkufu mweusi akaanza kuburuta bawa kama limevunjika, analia, nikamfuata nikidhani kaumia. Mwenyeji wetu akanishika bega: simama. Mayai manne, rangi ya kokoto kabisa, karibu na kisigino changu! Tukarudi nyuma taratibu, ndege akapona papo hapo.

Agosti wanaanza kurudi Mida, wengine bado na mabaki ya ile rangi ya kutu, kwa hiyo hesabu yetu ya kwanza ya ndege iwe mwezi huo tusisubiri Desemba. Mwenye gari kubwa ajitokeze mapema, mwaka jana tulibanana saba kwenye Probox.