Barua kwa mwanangu mpiga tarumbeta

Moshi, Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Salamu zako tumezipokea, na sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetukaza kweli. Umeniuliza jambo ambalo halijibiki vizuri kwa simu: kwamba vijana wenzako kwenye bendi wanataka onyesho la mwaka huu liwe na kucheza, kuruka na midundo ya amapiano, ilhali wakufunzi wenu wanasema bendi ya jeshi si kikundi cha burudani na mambo yabaki kama yalivyokuwa. Nimepuliza tarumbeta jeshini hadi nikastaafu, na Jumapili bado napuliza na matarumbeta ya usharika wetu, kwa hiyo nitakuandikia ninavyoamini bila kuzungukazunguka.

Ninavyoamini ni hivi. Bendi inapokuwa peke yake uwanjani, ikitazamwa kwa ajili yake yenyewe, ina haki ya kujipamba kadiri ustadi wake unavyoruhusu. Lakini inapopigia miguu ya watu wengine, au inapopigia bendera, au inapopigia marehemu, haina haki hata ya kuzungusha kijiti cha ngoma. Ugomvi wenu umekuwa mkubwa kwa sababu pande zote mbili zinazungumza kana kwamba bendi ina kazi moja tu.

Wakufunzi wako wakisema kwamba jadi ya bendi ya jeshi haijawahi kuwa na madoido, usibishane nao mbele za watu, ila ujue kwamba historia haiko upande wao. Ngoma kubwa na matoazi havikuzaliwa katika majeshi ya Ulaya. Vilitoka kwa Waturuki, kwenye bendi za askari wa dola ya Osmani, na katika karne ya 18 wafalme wa Ulaya wakaviiga kwa sababu vilijaza macho na masikio kwa pamoja. Waingereza walikwenda mbali zaidi: vikosi vyao kadhaa vilitafuta wapigaji weusi, vikawavisha vilemba na mavazi ya rangi kali, vikawapa ngoma na matoazi wapige kwa mbwembwe huku wakirusha mikono juu. Kikosi chao cha 29 cha askari wa miguu kilikuwa na wapiga ngoma weusi tangu mwaka 1759 hadi 1843, na wale wa kwanza walikuwa vijana waliochukuliwa kutoka kisiwa cha Guadeloupe, wakatolewa kama zawadi, yaani watu waliotolewa zawadi kwa watu. Ile namna ya mpiga ngoma kubwa kupeleka mikono yake juu na kuikutanisha kabla ya pigo, ambayo leo mkufunzi anaisahihisha kwa ukali kama kitu kitakatifu, ina mizizi katika maonyesho yale, na hata ngozi ya chui anayovaa kifuani, ambayo husaidia pia ngoma isikwaruze sare yake, huhesabiwa kuwa masalia ya mavazi yao. Kila ninapomwona kijana wa kwetu amevaa ngozi ile nasikia uchungu na fahari kwa wakati mmoja, na ningependa kila mpiga ngoma afundishwe habari hii siku ya kwanza anapokabidhiwa vijiti.

Huku kwetu pia, mama, mbwembwe si mgeni aliyekuja na simu za mkononi. Tangu miaka ya 1890 watu wa pwani, kuanzia Mombasa na Lamu, waliyatazama magwaride ya wakoloni na bendi zao, wakaona kwamba ndani yake mna ngoma, wakaitoa humo na kuifanya yao. Hiyo ndiyo beni, yenye vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa nidhamu ya kutembea, vikiwa na vyeo vyao kuanzia askari wa kawaida hadi Kingi, yaani mfalme wa chama. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba hadi bara, na kule Ziwa Nyasa ikazaa mganda, ambamo wanaume hujipanga kwa mistari kama kombania, wakatembea kwa madaha na kupuliza vibuyu badala ya tarumbeta. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watu wetu walikuwa wamekwisha kuzichezea hatua za jeshi kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo mzee anayetetea utaratibu wa zamani kwa sababu tu ni wa zamani, ananitia mashaka. Utaratibu ule unazo sababu zake nzuri, na sababu hizo ndizo ningetaka wenzako wazijue kabla hawajaleta amapiano uwanjani.

Anza na miguu. Mwendo wa haraka, kwa kipimo tulichorithi kwa Waingereza, ni hatua 120 kwa dakika, na kila hatua inapata nusu sekunde. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Askari aliye mita 100 kutoka kwenye ngoma kubwa hufikiwa na pigo likiwa limechelewa kwa karibu sekunde 0.3, nalo ni zaidi ya nusu ya hatua yake. Ndiyo maana bendi ya gwaride husimama kwa kushikamana, ndiyo maana ngoma kubwa hupigwa wazi na bila kutangatanga, na ndiyo maana pigo lake la mguu wa kushoto haliguswi na mtu yeyote. Ukiitawanya bendi uwanja mzima ili ionekane vizuri kwenye kamera, huku kombania zikipita mbele ya jukwaa kuu, utawaona vijana wa nyuma wakibadilisha miguu mbele ya mgeni rasmi, na lawama itakwenda kwao ilhali kosa ni la bendi. Siku ya onyesho lenu wenyewe mnaweza kutawanyika, kwa sababu hapo kila mpigaji anaangalia mikono ya drum meja, yule anayeiongoza bendi kwa fimbo yake, na haongozwi na sauti iliyo mbali naye. Askari wa gwaride macho yake yako mbele na kulia, hana fursa hiyo, naye anazitegemea ngoma zenu tu.

Amapiano yenyewe nimeisikiliza kwa makini, kwa sababu kijana wa jirani hainyamazishi. Kasi yake ni mapigo kama 112 kwa dakika, kwa hiyo iko karibu sana na mwendo wa haraka, na ninaelewa kwa nini wenzako wameona kwamba inatembeka. Tatizo liko kwenye besi. Haikai juu ya pigo; inaruka, inachelewa, inadondoka katikati ya mapigo mawili, na huo ndio utamu wake. Mchezaji anaipenda kwa sababu inamwacha atafute mguu wake mwenyewe, lakini watu mia tatu hawawezi kutafuta miguu yao kila mmoja peke yake. Mkitaka kuipiga kwenye gwaride, basi tuba, zile ala kubwa za shaba zenye sauti nzito, zichukue ile besi inayoruka, lakini ngoma kubwa ibaki na kazi yake ya siku zote. Nadhani itapendeza.

Kuna siku, hata hivyo, ambazo sitaki kusikia mjadala wowote. Umewahi kusimama kwenye maziko ya askari katika kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, kwa hiyo unajua ninachosema. Njia ni nyembamba, migomba imebana pande zote, tope linashika viatu vilivyong'arishwa usiku kucha, na bendi haina hata nafasi ya kupanga mistari mitatu. Mpiga buruji anajitenga hatua chache, amekificha kipande cha kupulizia ndani ya koti kwenye kifua ili kisipoe, kwa sababu kwenye baridi ya mlimani shaba hushuka sauti na mdomo hukakamaa. Anasubiri risasi za heshima ziishe. Kisha anapiga sauti chache ambazo ala ile inazo, maana buruji haina vali, kila kitu kinatoka kwenye midomo na pumzi. Hapo akiyumba, mama wa marehemu anasikia. Nimeshuhudia mahali fulani mpigaji mmoja akiongeza nakshi zake kwenye buruji ya maombolezo, akiipandisha na kuipamba kama mwimbaji wa jukwaani, na baadhi ya waombolezaji wakainua simu kumrekodi. Nilitamani ardhi inifunike kwa niaba yake. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ukisikia buruji ikipigwa, sikiliza jinsi inavyopigwa kama ilivyo, bila mpigaji kujitokeza, kwa sababu siku ile si yake.

Wimbo wa Taifa ni vivyo hivyo. Husimuliwa kwamba mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, bendi za vikosi vya Uingereza zilikusanywa Scutari, huko Uturuki, kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Malkia, na zilipoanza wimbo wao wa taifa, kila bendi ikaupiga kwa ufunguo wake na mpangilio wake, ikawa fedheha mbele ya majenerali. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1857, shule yao ya muziki wa jeshi ilifunguliwa Kneller Hall ili wapigaji wafundishwe kwa kipimo kimoja. Hicho ndicho kiini cha ile tunayoiita jadi, kwamba sauti ziwe zimelingana na wimbo ufahamike, na kwamba mgeni akitoka popote aheshimiwe kwa namna ileile anayoheshimiwa mwingine. Wimbo wetu, ambao sauti yake ilitungwa na mwalimu Enoch Sontonga mwaka 1897 kama wimbo wa kanisa, haukutungwa kwa ajili ya mikogo, na nani kati yenu anaweza kuuongezea kitu?

Upande wa onyesho sasa nauandika kwa furaha. Wenzako wamekuonyesha video za onyesho la bendi za jeshi la Edinburgh, Scotland, nami nimezitazama zote ulizonitumia. Onyesho lile limekuwepo tangu mwaka 1950, na wale wapiga ngoma wa Basel, Uswisi, wanaowashangaza, Top Secret Drum Corps, walioalikwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hata si wanajeshi. Watazame tena, lakini safari hii usitazame vijiti vikirushwa; tazama vinapotua, uone kwamba pigo linalofuata linatoka kwa watu wote kama mkono mmoja. Mtu haruhusiwi kurusha kijiti ambacho hawezi kukidaka gizani. Ukumbuke pia kwamba onyesho linapokaribia kwisha waandaaji huzima taa nyingi, akabaki mpiga zumari la mfuko mmoja juu ya ngome, asiyefanya lolote zaidi ya kupiga, ilhali waliokuja kutazama walinunua tiketi za burudani.

Kuna jambo moja ambalo wapigaji wa maonyesho wanatuzidi, na wakufunzi wenu wangefaa kulichukua bila kuona haya. Hawatembei kwa kukanyaga kwa nguvu. Kisigino kinatangulia, unyayo unajikunja taratibu hadi vidoleni, goti halipandi, na kiwiliwili kinabaki kimetulia kana kwamba miguu ni ya mtu mwingine. Sisi tulifundishwa kuinua goti na kubamiza buti, na kila buti lilipotua tarumbeta iligonga midomo, sauti ikatetemeka, na wengine walipasuka midomo hasa. Jizoeze mwendo ule, hata kama hutauonyesha hadharani, na mazoezi ya kuruka uyafanye bila ala mdomoni mpaka uzoee, kwa maana meno ya mbele ya mpiga tarumbeta ndiyo riziki yake.

Ushauri wangu ni huu. Mwendee mkufunzi wako baada ya mazoezi, mkiwa wawili tu, na umweleze kwamba hamwombi kubadilisha gwaride. Ombeni dakika kumi baada ya kombania zote kutoka uwanjani, bendi irudi peke yake na ifanye onyesho lake. Akikubali, nina ombi langu kwenye dakika hizo kumi: kabla ya amapiano, wekeni mganda. Hatua zake zilitoka kwenye gwaride, zikaenda ziwani, zikapata madaha ambayo jeshi halikuwa nayo, na itakuwa haki zirudi kwenye bendi zikiwa na mistari yake, ule mwendo wa taratibu, na tarumbeta zenye kizuizi kwenye mdomo wa ala zikiiga sauti ya vibuyu. Mna vijana kutoka Mbinga na Nyasa huko jeshini; watafuteni wawafundishe, wala msitegemee video. Huku Moshi, Jumamosi, matarumbeta ya harusi yanazunguka mnara wa saa juu ya pikapu, wapigaji wamesimama wanacheza, na hakuna anayeona kwamba wamekosa heshima, kwa sababu ni harusi na wao ndio furaha yenyewe iliyokodiwa. Bendi yenu nayo ina siku yake ya harusi.

Mkipata kibali, nitumie nota za tarumbeta ya pili kabla hamjaanza kuzikariri, nizipitie nione kama mmemwachia mpigaji mahali pa kuvuta pumzi wakati anageuka. Uniambie pia tuba mmeziweka wapi, maana zikiwa nyuma kabisa mtasikia zinachelewa. Mafuta ya vali nimempa binamu yako atakuletea mwisho wa mwezi. Mama yako anakusalimu sana na anasema ule chakula vizuri.

Ni mimi,
Baba yako